UZI: Konokono wa Kisian, homoni, na siasa za "maji yamepimwa"

1/ Kila msimu wa siasa huku ziwani, maji yanarudi jukwaani. Mmoja anasema ziwa limekufa. Mwingine anasema maji yamepimwa na yako sawa. Wa tatu anasema hiyo ni kazi ya kaunti, wa nne anasema ni ya serikali kuu. Sisi tunapiga makofi, tunarudi nyumbani, tunateka yale yale maji. Leo tuchambue kipande kimoja cha hoja hii ambacho hakizungumzwi kabisa: kemikali zinazovuruga homoni, na vile zinawafanyia konokono na kome. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende pole pole.

2/ Najua kuna mtu tayari anauliza: kwani konokono wana kura? Ngoja. Samaki akihisi maji mabaya anaogelea anaenda zake. Kome haendi popote. Anakaa kwenye matope pale pale, anachuja maji mchana na usiku ili apate chakula. Kilichopita kwenye maji kimepita mwilini mwake. Ukitaka kujua habari za mtaa unamuuliza mzee aliyekaa hapo miaka arobaini, humuulizi mgeni wa wikendi.

3/ Halafu hawa si viumbe wa mbali na sisi. Kamongo anakula konokono, na kamongo tunamjua mezani. Magamba ya kome wa ziwani husagwa yakawekwa kwenye chakula cha kuku. Na kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa ambao watu wa pwani ya ziwa wanaujua vizuri. Kwa hivyo tukisema afya ya konokono, tayari tuko jikoni na kwenye zahanati.

4/ Kwa wasioijua Kisian: iko magharibi ya jiji la Kisumu, pale barabara ya Busia inapoachana na ya Bondo. Ndipo KEMRI ina kituo chake kikubwa cha utafiti. Mto Kisian unashuka hapo na kuingia Ghuba ya Winam. Ghuba hii ni kama mfuko: ndefu, kina kifupi, na maji yake hukutana na ziwa kuu hasa kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Kitu kikiingia kwenye mfuko huo hakitoki haraka.

5/ Na vinavyoingia ni vingi. Kuna maji taka ya jiji, yale yanayopitia mtambo wa Kisat na mabwawa ya Nyalenda, na yale yasiyopitia popote kwa sababu nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka. Kuna dawa za mashamba kutoka upande wa mpunga wa Ahero na West Kano na miwa ya Nyando. Kuna sabuni, mafuta na maji ya kuoshea magari ufuoni. Kuna plastiki. Kuna bandari. Yote yanakutana kwenye mfuko mmoja.

6/ Sasa homoni ni nini? Ni ujumbe wa mwili. Tezi moja inatuma, kiungo kingine kinapokea na kutii: kua sasa, taga mayai sasa, acha sasa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu. Fikiria mjumbe wa chifu: haji na jeshi, anakuja na barua moja tu na kijiji kizima kinaamka.

7/ Kemikali inayovuruga homoni ni mtu aliyeghushi barua ya chifu. Inaweza kuiga ujumbe ili mwili utii amri ambayo haikutolewa. Inaweza kuziba mlango ili barua halisi isifike. Au inaweza kuvuruga ofisi yenyewe inayoandika barua. Mnyama hafi. Anakula, anatembea, anaonekana mzima. Ila kizazi chake ndicho kinachoharibika.

8/ Hapo ndipo siasa yetu inateleza. Tumezoea sumu ya aina moja: imemwagwa leo, samaki wameelea kesho, kamera zimefika keshokutwa. Kivurugaji cha homoni hakitoi picha. Hakuna mizoga. Kuna tu wazee wanaokufa kwa wakati wao na watoto ambao hawakuzaliwa. Ukipita ufuoni utaona konokono wapo na utasema mambo ni sawa. Miaka kadhaa baadaye hawapo, na hakuna siku moja unayoweza kusema "walikufa siku hii".

9/ Je, hii ni nadharia tu? Hapana. Kuna kesi moja ambayo imeshaamuliwa, na kila anayetaka kubishana kuhusu maji anafaa kuijua. Inaitwa TBT, yaani tributilitini. Kuanzia miaka ya 1960 ilitiwa kwenye rangi ya meli ili viumbe wasijishike kwenye mbao na chuma. Ilifanya kazi vizuri sana. Meli ikiwa safi inatumia mafuta kidogo. Kila mtu alifurahi.

10/ Karibu na mwaka 1970, watafiti wa Uingereza waliokuwa wakichunguza konokono wa baharini kwenye pwani ya Plymouth walikuta jambo la ajabu: majike walikuwa wanaota kiungo cha kiume. Hali hiyo ikapewa jina imposeksi. Ikizidi, kiungo hicho na mrija wake vinaziba njia ya mayai. Mayai yanabaki ndani. Jike anakufa na mzigo wake tumboni. Pwani ambazo zilikuwa zimejaa konokono zikaanza kuwa mawe matupu.

11/ Miaka ya 1980 ndipo uhusiano na TBT ulithibitishwa. Na kiasi? Madhara yalionekana kwenye karibu nanogramu moja kwa lita. Tuiweke kwa lugha ya nyumbani: chukua bwawa la kuogelea la Olimpiki, lita milioni 2.5. Tia humo punje chache za sukari, miligramu mbili na nusu hivi. Koroga. Hicho ndicho kiasi. Hakuna pua itakayonusa, hakuna ulimi utakaoonja. Konokono pekee ndiye aliyejua.

12/ Wakati huo huo Ufaransa, kwenye ghuba ya Arcachon, wafugaji wa chaza walikuwa wanalia. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1970, watoto wa chaza hawakuonekana tena, na waliokuwepo walikuwa na magamba mazito yaliyoharibika. Biashara ya familia nyingi ikaporomoka. Mwaka 1982 Ufaransa ikapiga marufuku rangi ya TBT kwenye boti zenye urefu chini ya mita 25. Chaza wakaanza kuzaa tena. Uingereza ikafuata mwaka 1987.

13/ Zingatia hilo la Arcachon, kwa sababu huku kwetu hoja huwa "mazingira au kazi, chagua moja". Pale kulikuwa na kazi pande zote mbili. Mwenye boti alitaka rangi. Mfugaji wa chaza alitaka maji. Aliyeumia hakuwa "mwanamazingira", alikuwa mfanyabiashara mwenye mkopo. Wavuvi wa Kisian, Ogal na Asat ni upande wa mfugaji wa chaza katika hadithi hii. Mtu akikuambia kudhibiti uchafu ni kuua kazi, muulize: kazi ya nani?

14/ Dunia nzima ilichukua muda gani? Mkataba wa kimataifa wa kuondoa TBT kwenye meli ulipitishwa Oktoba 2001 na ukaanza kutumika Septemba 2008. Kutoka konokono wa kwanza wa Plymouth hadi hapo ni takriban miaka 38. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameshapata watoto wake. Na usidhani ilikuwa shida ya Wazungu peke yao: watafiti waliopima matope ya bandari ya Zanzibar walikuta mabaki ya kemikali za jamii hiyo hiyo.

15/ Habari njema: konokono wale walirudi sehemu nyingi baada ya marufuku. Ila polepole, kwa sababu watoto wao hawaelei na maji, wanatambaa. Pwani iliyoisha inangoja mtambaaji afike kutoka pwani jirani. Somo ni kwamba sheria inafanya kazi, lakini kila mwaka wa kuchelewa unalipwa kwa miaka mingi ya kungoja.

16/ Sasa turudi Kisian. Uzi huu hausemi kwamba konokono wa Winam wana imposeksi. Boti nyingi huku ni za mbao na za wavuvi, si meli za mizigo za bahari kuu. Ukimsikia mtu jukwaani akichukua picha za Plymouth na kuzibandika Kisumu, mshike hapo hapo. Tunachochukua kutoka TBT ni namna madhara yanavyojificha. Vitu vya kutazamwa huku ni vingine: maji taka, plastiki na dawa za mashamba.

17/ Tuanze na maji taka. Kila binadamu na kila ng'ombe hutoa homoni kwenye mkojo, estrojeni zikiwemo. Mtambo mzuri wa maji taka huzipunguza sana. Mtambo uliochakaa, au mtaro wa wazi, unazipeleka ziwani. Kuna wanaopenda kusema "ni wanawake na vidonge vyao vya uzazi". Hiyo ni lawama ya uvivu. Vidonge vina mchango wake, ndiyo, lakini homoni za asili zinatoka kwa sisi sote, wanaume pia, na mifugo juu yake. Tatizo ni bomba, halihusiani na tabia za mama wa mtu.

18/ Madhara ya estrojeni yamejaribiwa kwenye ziwa zima, si chupa ya maabara. Kanada, kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti walitia estrojeni ya vidonge kwenye ziwa dogo la majaribio, nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Madume wa samaki mmoja mdogo wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na jamii ya samaki huyo ikakaribia kuisha ziwani humo. Maji yalibaki masafi kwa macho. Huyo ni samaki, lakini fikiria dagaa na omena, halafu niambie kama hili ni jambo dogo kwa Nyanza.

19/ Plastiki sasa. Kuna kemikali inaitwa bisfenoli A, inayotumika kutengeneza aina fulani ya plastiki ngumu na kupaka ndani ya mikebe. Watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba konokono wa maji baridi waliowekwa kwenye kiasi kidogo chake walitaga mayai kupita kiasi, hadi majike wengine wakapasuka njia ya mayai na kufa. Kundi lingine, lililofadhiliwa na wenye viwanda vya plastiki, likarudia likasema halioni hayo kwenye kiasi kidogo. Wakabishana hata kuhusu joto la maji.

20/ Hapo pana masomo mawili, na pande zote za siasa hupenda moja tu. La kwanza: ukisikia "utafiti umeonyesha hakuna madhara", uliza nani alilipa. La pili: nani alilipa peke yake haitoshi kumfanya mtu awe mwongo, uliza pia kama jaribio lilirudiwa kwa njia ile ile. Anayechukua somo la kwanza pekee anakuwa mpiga kelele. Anayechukua la pili pekee anakuwa mtu wa kutumiwa.

21/ Na kuna jambo ambalo wanasayansi wenyewe wanalisema wazi: homoni za konokono hazifanani kabisa na zetu. Kipokezi cha estrojeni cha wengi wao hakiamshwi na estrojeni kama chetu. TBT iliwavuruga kupitia kipokezi kingine kabisa. Maana yake? Huwezi kupima kemikali kwa panya, ukaona panya yuko sawa, ukasema na kome yuko sawa. Na kinyume chake.

22/ Hiyo "kinyume chake" ni muhimu kwa sababu ya hoja moja inayosambaa sana WhatsApp: kwamba kemikali "zinabadilisha wanaume wetu". Picha ya konokono inawekwa, kisha mahubiri yanaanza. Tafadhali. Imposeksi ni ya konokono wa aina fulani. Haisemi kitu kuhusu jirani yako, jinsia yake wala maisha yake. Anayekuuzia hofu hiyo anataka uangalie chini ya shuka za watu badala ya kuangalia bomba la maji taka lililopasuka.

23/ Hoja nyingine: "Konokono wafe tu, si ndio wanaleta kichocho?" Hii inasikika kama akili mpaka usome utafiti uliofanywa huku kwetu. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa maeneo 48 ya maji baridi, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Konokono wanaobeba kichocho walipatikana tu kwenye maeneo yaliyokuwa na dawa za mashamba na rutuba ya kupita kiasi majini.

24/ Soma tena: walipatikana pale palipochafuka. Kwa nini? Maabara ilionyesha konokono hao wanavumilia dawa za kuua wadudu, kama imidaklopridi na diazinoni, kuliko wadudu wa majini wanaoishi nao. Dawa inaua wadudu hao, pamoja na washindani wanaogombea chakula nao. Konokono wa kichocho anabaki mwenye shamba, na mwani wa kula ni tele. Hapa si homoni zilizovurugwa, ni ujirani. Lakini mwisho wake ni mtoto anayeoga mtoni na kurudi na vimelea.

25/ Kwa hivyo uchafu hauui "konokono" kama kitu kimoja. Unachagua. Unaweza kumaliza kome anayesafisha maji na kumwacha mbeba kichocho akisherehekea. Mwanasiasa akisema "tutanyunyiza tuwamalize", muulize atamaliza yupi, na atabaki nani.

26/ Sasa tufike kwenye sentensi tamu kuliko zote jukwaani: "Maji yamepimwa, yako sawa." Inaweza kuwa kweli kabisa na bado isikuambie unachotaka kujua. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 zinataja vitu vingi: vijidudu vya kinyesi, naitreti, risasi, kadmiamu, fenoli. Maji taka yanayoachiliwa yana kikomo cha BOD cha miligramu 30 kwa lita, yaani kipimo cha mzigo wa uchafu unaokula oksijeni. Ni vipimo vya maana. Mstari wa estrojeni haumo.

27/ Ndiyo maana maji yanaweza kufaulu mtihani ambao swali hili halikuulizwa. Ni kama kumpima mtu presha na kumpa cheti kwamba hana malaria. Daktari hajadanganya kuhusu presha. Cheti ndicho kimedanganya.

28/ Na tusichanganye mambo. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi upande huu wa Kisumu, maelezo ya wataalamu yalikuwa kushuka kwa oksijeni majini. Hilo ni janga la aina moja: la ghafla, la kuonekana. Homoni ni la aina nyingine. Mtu akitumia vifo vya vizimba kuthibitisha sumu za homoni, amekosea. Mtu akisema "samaki hawajafa tena, kwa hivyo maji ni safi", amekosea vile vile.

29/ Kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa hivi: kulinda mazingira, uvuvi na ulinzi wa maji ni serikali kuu. Huduma za maji na usafi wa maji taka, na maji ya mvua mjini, ni kaunti. Kwa hivyo bomba na mtambo ni kaunti. Kanuni na kikomo cha kemikali ni serikali kuu, kupitia NEMA. Dawa za mashamba zina bodi yake ya kuzisajili, nayo ni ya serikali kuu. Kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, nusu ya kidole hicho ni halali. Usikubali nusu.

30/ Halafu ziwa lenyewe: Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya eneo lake, nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Wengine hutumia hilo kusema "hata tukisafisha itasaidia nini?" Lakini Winam ni mfuko wetu, uko ndani ya Kenya. Uchafu wa Winam ni wetu kwa sehemu kubwa, na faida ya kuusafisha pia ni yetu kwanza.

31/ "Lakini vipimo vya homoni ni ghali!" Vya kemikali moja moja, ndiyo, vinahitaji mashine za bei. Lakini kuna njia ya kumuuliza mzee wa mtaa mwenyewe. Mwaka 2016 OECD ilitoa mwongozo wa jaribio la uzazi kwa konokono mdogo wa maji baridi kutoka New Zealand: unamweka kwenye maji yanayochunguzwa siku 28, halafu unahesabu viinitete. Sisi hatuhitaji kuleta mgeni huyo ziwani, Mungu atuepushe. Tunahitaji wazo lake.

32/ Tuna KEMRI pale pale Kisian, watu wanaowajua konokono hawa kwa majina. Tuna KMFRI Kisumu. Tuna Chuo Kikuu cha Maseno kilomita chache juu, na cha Bondo upande ule mwingine. Kuhesabu mayai na watoto wa konokono wa hapa hapa, mdomoni mwa mto Kisian na mbali na mdomo, kila msimu, mwaka baada ya mwaka, hakuhitaji mabilioni. Kunahitaji mstari kwenye bajeti na mtu wa kuuliza mstari huo umeenda wapi.

33/ Basi ukikaa kwenye mkutano, au kwenye mjadala hapa mtandaoni, na mtu akasema maji yamepimwa, uliza haya matano:
a) Mlipima nini hasa? Orodha iko wapi?
b) Wapi? Katikati ya ghuba au mdomoni mwa mto na penye bomba?
c) Lini? Kiangazi, au baada ya mvua kuosha mashamba?
d) Mlipima maji tu, au na matope na viumbe?
e) Viumbe wanazaa, au wapo tu?

34/ Swali la (e) ndilo la uzi huu wote. "Wapo" na "wanazaa" ni vitu viwili. Chaza wa Arcachon walikuwepo. Konokono wa Plymouth walikuwepo, mpaka siku ambayo hawakuwepo.

35/ Na usingoje mkutano. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi lako. Unaandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, unaomba matokeo ya vipimo vya maji taka ya mtambo fulani kwa miezi fulani. Huhitaji wakili. Huhitaji kusema unayataka ya nini. Kikundi cha ufuo, yaani BMU, kinaweza kuandika. Kikundi cha akina mama kinaweza kuandika. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, cha 43 maji safi. Barua ni ya kuzikumbusha ofisi.

36/ Nyumbani pia kuna letu. Pampu ya dawa isioshewe mtoni. Chupa tupu ya dawa isigeuzwe ya kuwekea maji. Dawa za hospitali zilizobaki zisitupwe chooni. Lakini tusidanganyane: mtu mmoja kuosha pampu vizuri hakutajenga mtambo wa maji taka. Wakikuambia "tatizo ni tabia ya wananchi", kubali sehemu yako, kisha urudi kwenye swali la bomba.

37/ Mwisho. Kampeni zijazo mtasikia tena ziwa limekufa na ziwa liko sawa, siku moja, kwenye redio moja. Mkiwa na hayo maswali matano mtaweza kuwapima wote wawili. Aliye na majibu atatoa karatasi. Asiye nayo atatoa wimbo.

Kama kuna mtu hapa amewahi kuandika ile barua ya siku 21 kuhusu maji ya Kisumu, atuambie chini alijibiwa nini. Na kama hujaandika, nitaweka mfano wa barua kesho. Sambaza kwa watu wa ziwa.